Re: Kijito chetu kinakauka, tuanzie wapi?

Pole sana dada, nimesoma ulivyosema kijito chenu huko Uluguru kinakauka kila ikifika Septemba na watu wamelima vinyungu, yaani bustani za bondeni, mpaka kwenye maji yenyewe, inauma kwa kweli, maana hayo maji ndo yanashuka mto Ngerengere yanaingia mto Ruvu na sehemu kubwa ya Dar inayanywa.

Msianze na kufukuza watu. Najua sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 toka mtoni usilime, lakini mtu ana mchicha wake pale na ada ya mtoto inatoka humohumo, ukimwendea na mgambo atarudi usiku. Kaeni nae kwanza, mpeni miche ya matunda apande huko juu.

Halafu angalieni chemchemi, kuna mikaratusi? Hiyo inakunywa maji balaa, itoeni pole pole mpande mikuyu. Kwetu tulichomeka vijiti vya mkuyu tu, unene wa mkono, mwanzo wa masika, na kingo tukaweka mabingobingo, sasa ng'ombe wanakatiwa majani hapohapo na udongo haushuki tena.

Na muunde jumuiya ya watumia maji, iko kwenye sheria ya maji ya 2009, nendeni ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu pale Morogoro muulizie usajili. Wamama wawemo kwenye kamati jamani, wao ndo wanaamka saa kumi na ndoo.