Hofu, Kitabu na Vidato Vyake: Maswali ya Wasomaji wa Lamu na Malindi

Nimesoma vitabu vitatu vya hofu, kimoja mara mbili. Najua habari za ubongo na homoni zote, lakini kwa dada yangu anayekaa ghorofa ya tatu bado siwezi kupanda, kimo kinanitisha. Nakosea wapi? (Msomaji, Malindi)

Kusoma hukukosea, kaka. Kosa linaanza pale unapofunga kitabu na kubaki sebuleni. Hofu haiondoki kwa maelezo, maana haikuingia kwa maelezo. Kila unapofika chini ya ngazi ukageuza njia, moyo unatulia, na utulivu huo ndio unaoilisha hofu: mwili unajiandikia kwamba umepona kwa sababu umekimbia. Kesho hofu itadai umbali zaidi.

Ukiwa dukani, kifungue kitabu katikati. Ukiona majedwali ya kujaza, mazoezi ya kufanya nje ya nyumba na maelezo ya la kufanya zoezi likikwama, kinunue. Kikiwa na visa vya watu waliopona bila kueleza walifanya nini siku ya kwanza na ya pili, kiache. Kitabu cha Isaac Marks, daktari mzaliwa wa Cape Town aliyefanya kazi London, kiitwacho "Living with Fear" cha mwaka 1978, kinamweleza mgonjwa ajitibu vipi. Marks na wenzake waliwalinganisha wagonjwa wenye fobia, yaani hofu iliyopita kiasi ya kitu au hali fulani, waliojitibu kwa maelekezo ya kitabu, wengine kwa maelekezo ya kompyuta, na wengine kwa daktari. Makundi yote matatu yalipata nafuu iliyokaribiana, kwa kuwa yote yalikuwa na mazoezi yale yale.

Wewe anza na vidato vinne. Panda, simama, usikumbatie ukuta, tazama chini. Ukae mpaka hofu ishuke, ndipo uteremke. Kesho hivyo hivyo, na ukizoea, ongeza viwili.

Nimetoka Garsen nikaolewa Langoni, Lamu. Paka wako kila kona: barazani, juu ya kuta, sokoni kwenye samaki. Nikitoka natanguliza mtoto wa shemeji anifukuzie. Watu wananicheka. Naanzia wapi? (Bi. Arusi wa Langoni)

Pole, dada, na wanaocheka hawajui mzigo ulioubeba. Fobia ya mnyama ni miongoni mwa zile zinazotibika vizuri kuliko zote, na wewe una jambo wanalolikosa wagonjwa wa miji mingine: ukifungua mlango tu, dawa iko pale uchochoroni.

Chukua daftari. Andika kila hali inayokutisha na uipe alama kuanzia 0, umetulia kabisa, hadi 100, hofu isiyovumilika. Kipimo hiki tumeachiwa na Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, ambaye kitabu chake cha mwaka 1958 kilieneza matibabu ya kupanda hofu kidato kwa kidato. Wolpe aliwafanya wagonjwa walegeze mwili na kuwaza kile wanachokiogopa. Baadaye ilibainika kuwa kukutana nacho chenyewe kuna nguvu zaidi ya kukiwaza. Ngazi yako inaweza kuwa hivi: picha ya paka, 20. Sauti yake usiku, 30. Paka aliyelala upande wa pili wa uchochoro, 45. Paka aliye hatua tano kutoka kwako akikutazama, 60. Kukaa baraza moja naye, yeye mwisho ule na wewe mwisho huu, 70. Sokoni samaki wakipasuliwa, 85. Paka kupita akikugusa kwa mkia, 95. Usinakili alama hizi. Ziandike zako, kwani wapo wanaomwogopa paka anayekimbia kuliko anayekaribia.

Anza na hali ya 30 au 40. Kabla ya kutoka, andika sentensi moja: unatabiri nini kitatokea? Labda "atanirukia usoni". Nenda, simama, mtazame masikio, mkia, mbavu zinavyopanda na kushuka akipumua. Usiangalie simu, usijihesabie tarakimu kichwani, maana macho yakiwa pengine mwili haujifunzi kitu. Alama zitapanda kwanza, usishtuke. Kaa mpaka zishuke kufikia nusu. Siku za mwanzo inaweza kuchukua nusu saa mpaka saa nzima. Ukirudi, andika kilichotokea kando ya ulichotabiri. Fanya kila siku, kwani zoezi la Ijumaa kwa Ijumaa huiachia hofu wiki nzima ya kujijenga upya.

Kosa linaloharibu kazi ya wengi ni kurukia sokoni siku ya kwanza, hofu ikafika kileleni, mtu akakimbia. Hapo kilichojifunzwa ni kukimbia. Ukilazimika kuondoka, sogea nyuma hatua kumi, vuta pumzi, rudi hata kwa dakika mbili.

Huyo mtoto wa shemeji naye ni sehemu ya ngazi. Wiki ya kwanza atembee nyuma yako badala ya mbele. Ya pili akungojee kwenye kona. Ya tatu abaki nyumbani acheze.

Wala huhitaji kumpakata paka wa mtaani. Lengo ni kupita njia yako. Paka usiyemjua akikukwaruza au kukuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, uende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kinga ya kichaa cha mbwa, ambacho paka pia huambukiza. Tahadhari hiyo ni busara na haimo katika fobia.

Nikiona sindano au damu nazirai. Mke wangu anakaribia kujifungua na anataka niwe karibu. Kitabu nilicho nacho kinasema nipumue taratibu na kulegeza mwili. Haisaidii. (Baba mtarajiwa, Malindi)

Ushauri huo unafaa hofu nyingine, ila wewe unakuumiza. Kwenye hofu ya damu, mapigo na shinikizo la damu hupanda kidogo kisha huporomoka ghafla, ubongo ukakosa damu ya kutosha, ukaanguka. Ukilegeza mwili unausaidia kuanguka. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, alionyesha mwaka 1987 kuwa unatakiwa ufanye kinyume: kaza misuli ya mikono, kifua na miguu kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka usikie joto usoni. Achia kiasi, bila kulegea kabisa, kwa sekunde 20 hadi 30. Rudia mara tano. Fanya seti tano kwa siku kwa wiki moja ukiwa nyumbani, umeketi. Kisha fanya huku ukitazama picha za damu, halafu kliniki. Ukitolewa damu wewe mwenyewe, mkono wa sindano uache laini na ukaze viungo vingine. Kichwa kikiuma, unakaza mno, punguza.

Kazi yangu iko Mokowe na kwetu ni Lamu. Boti ikiondoka gatini moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, naona mauti. Moyo umepimwa, hauna kitu. Nafumba macho na kushika ubao mpaka tufike. (Msafiri wa kila siku)

Ganzi ya vidole inatokana na kupumua kwa pupa: hewa ya kaboni dioksidi inapungua kwenye damu, mikono inachoma na kichwa kinakuwa chepesi. Haiui. Ujionee mwenyewe nyumbani: keti, pumua haraka kwa dakika moja, na utaiona ganzi ile ile bila bahari wala boti. (Mwenye pumu, kifafa, maradhi ya moyo au mimba asifanye zoezi hili bila daktari.) Muguka na kahawa chungu kabla ya safari navyo huongeza mapigo, viache asubuhi hizo.

Claire Weekes, daktari wa Australia aliyetoa "Self Help for Your Nerves" mwaka 1962, aliweka mambo manne: kukabili, kukubali, kuelea, kuuacha wakati upite. Mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa hilo la tatu. Anayepigana na maji huzama, anayelala juu yake hubebwa. Wimbi la hofu likija usiukaze mwili, liache lipite chini yako.

Kisha vua ngao zako moja moja. Safari tatu macho wazi. Safari tatu zinazofuata mikono juu ya magoti, ubao umeachwa. Jaketi la kuokoa maisha usilivue kamwe, hilo ni la usalama wa kweli. Na siku ya kusi kali, nahodha mwenyewe akisema hatoki, hofu yako siku hiyo ni sahihi. Baki Mokowe.

Mama mkwe anasema hofu yangu ni ya mashetani, ninywe kombe. Kitabu kinasema ni tabia iliyojifunzwa. Nimfuate nani? (Msomaji, Mkomani)

Si lazima umkosee adabu mama mkwe ili upone. Dua ni ibada, na hakuna kidato cha ngazi kinachokutaka uiache. Angalia jambo moja tu: unasoma dua kisha unakwenda, au unairudia rudia ili usiende? Nahodha husema Bismillahi mara moja akatweka tanga. Ukijikuta huwezi kutoka mpaka uwe umesoma idadi fulani, na ukikosea unaanza upya, hofu imejificha ndani ya ibada, na hapo umwone mtaalamu, tena ikibidi pamoja na shekhe unayemwamini.

Mwanangu wa miaka minne anamwogopa punda. Bibi yake akitaka anyamaze humwambia "punda huyo anakuja". (Mama, Shela)

Muombe bibi kwa heshima aache hilo kwanza, la sivyo mnajenga huku mnabomoa. Mwaka 1924 Mary Cover Jones wa Marekani alieleza alivyomtibu mtoto aliyeogopa sungura: mtoto akila anachokipenda, sungura akiwa mbali ndani ya kizimba, na siku kwa siku akisogezwa. Fanyeni vivyo hivyo, na mahamri mkononi: punda mwisho wa njia leo, karibu kidogo kesho, daima ubavuni mwake na mbali na miguu ya nyuma. Mtoto akigoma, rudini kidato kimoja na msimburute.

Je, vidonge vya kutuliza si njia ya mkato? (Msomaji, Malindi)

Vya jamii ya diazepamu hutuliza kwa saa chache, na mwili hukipa kidonge sifa ya kukuokoa, kwa hiyo zoezi ulilofanya ukiwa umekimeza hupotea bure. Vikitumika kwa wiki kadhaa huleta utegemezi. Kama tayari unavinywa kila siku, usivikate ghafla, daktari avipunguze polepole. Na kama hofu yako ilianza baada ya tukio la kutisha ambalo linakurudia ndotoni, au unawaza kujidhuru, weka kitabu chini na uende hospitali leo, ukiwa na mtu wa nyumbani.