Simbilisi wawili, tangi la kioo na joto la Kisumu

Dada wa Mamboleo uliyeuliza kama lile tangi la samaki linaweza kuwa nyumba ya simbilisi wawili wa watoto (hao hao ginipigi), mimi nilijaribu hivyo hapa Kondele. Nakuomba sana usifanye.

Langu lilikuwa la futi tatu. Nikamwaga maranda, nikaliweka chini ya dirisha la sebuleni, na kweli lilipendeza. Nyumba yetu ni ya mabati, haina dari. Wiki ya pili, saa nane mchana, nikamkuta jike amelala ubavu, anahema mbio mbio, mate yamemlowesha kidevu. Kioo chenyewe ukikigusa ni cha moto. Nikamlaza kwenye sakafu ya saruji, nikamfunika kitambaa cha maji ya kawaida, si ya barafu, na ilichukua karibu saa nzima kabla hajainua kichwa. Simbilisi anastarehe kwenye nyuzi 18 hadi 24 hivi. Kisumu mchana inagusa 30 kama kawaida. Tena mkojo wao hutoa amonia, na ndani ya kuta nne za kioo hewa hiyo haina pa kutokea. Inatuama palepale usawa wa pua zao. Wangu walikuwa wameshaanza kupiga chafya, nami nikidhani ni vumbi.

Nikaenda kwa seremala Kibuye, akanipigia kizimba cha sentimita 120 kwa 60. Sakafu iwe ya ubao mzima, maana waya chini huwatoa vidonda vya nyayo. Ubavuni na juu weka wavu wa kofi trei, ule wa waya wenye matundu madogo, paka hapiti. Ndani tia kitu cha kujificha, kwa sababu simbilisi asiye na maficho hukaa na hofu mchana kutwa. Mimi nililaza nusu ya mtungi uliovunjika, na udongo ule hubaki baridi hata jua likiwaka.

Maranda mabichi ya sipresi yenye harufu kali usiyatumie, yanawachoma mapafu. Vumbi la msumeno pia hapana. Tandika magazeti, juu yake nyasi kavu nyingi, na ubadilishe kabla pua yako haijasikia harufu.

Miguu ya kizimba isimamishe ndani ya mikebe ya maji. Hili nilifunzwa na mama kule Kakamega, ambako usiku mmoja wa mvua siafu waliingia kwa sungura wake waliofungiwa. Asubuhi hakukuwa na wa kuokoa. Kila jioni naangalia mikebe kama maji yapo na kama hakuna jani lililoegemea kizimba, maana jani moja linawatosha kuwa daraja.

Chakula kikuu ni nyasi, saa zote, meno yao hayaachi kukua. Ila kuna jambo wauzaji hawalisemi: simbilisi, kama sisi, mwili wake hautengenezi vitamini C, na chakula cha sungura cha dukani hakimtoshelezi. Akiikosa anapata kiseyeye, viungo vinavimba, anakataa kutembea. Mpe sukuma wiki kidogo, kipande cha pilipili hoho, na msimu wa mapera mkatie kidogo. Kila siku, si mara moja kwa wiki.

Akiugua, usikubali penisilini wala amoksilini, hata muuzaji wa dawa za mifugo akikwambia ng'ombe wanapewa. Dawa hizo huua bakteria wazuri wa tumbo la simbilisi, naye anaweza kufa kwazo ndani ya siku chache. Mtafute daktari wa mifugo na umtajie mnyama gani.

Mwisho, ukiambiwa wote ni majike, wageuze ujionee mwenyewe, au umwombe daktari. Mimi niliamini. Baada ya miezi miwili na kidogo nikakuta watoto watatu, macho wazi, manyoya kamili, wanatafuna nyasi pembeni mwa mtungi. Madume waondoe kwa mama yao wakifika wiki tatu.