Maswali na majibu: Kipimajoto hakina kosa

Mitihani ya vitendo imekaribia na barua zimejaa. Nusu yake zinauliza jambo moja tu, "nifanyeje nipate jibu sahihi?" Hizo nimeziweka kando.

Shikamoo Mwalimu. Tulichemsha maji, kipimajoto kikagota nyuzi 96. Wenzangu wameandika 100. Mimi niandike ipi? (Kidato cha pili, Ilemela)

Marahaba. Andika 96. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na shule yako iko juu ya ziwa. Huku kwetu kanieneo ya hewa, yaani jinsi hewa inavyogandamiza, ni ndogo kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo maji huchemka kabla hayajafika 100. Una wasiwasi na kipimajoto? Kitumbukize kwenye barafu iliyopondwa inayoyeyuka. Kikisoma 0, msikisingizie. Wenzako wamepika matokeo, na kinachoniudhi ni kwamba huenda wamepewa vema. Walimu wenzangu, sahihisheni kilichosomwa kwenye kifaa, si kilichochapwa kitabuni. Huyo anayezoea kupika namba leo ndiye kesho tutampa kazi ya kupima maji ya bomba tunayokunywa.

Tunamimina asidi kwenye maji au maji kwenye asidi?

Asidi kwenye maji, taratibu, huku unakoroga. Bandikeni mlangoni, nimechoka kulijibu.

Kaka yangu anachimba dhahabu Geita, ana chupa ya zebaki. Naweza kuipeleka kwenye maonesho ya sayansi? (Sengerema)

Usiipeleke, na usiifungue chumbani. Zebaki hutoa mvuke hata bila moto, mvuke hauna rangi wala harufu, na huharibu ubongo na figo. Na kwa kuwa umemtaja kaka: hiyo dhahabu iliyonaswa kwa zebaki anaichomea wapi? Kama ni kwenye jiko mnalosongea ugali, hilo ndilo ulilopaswa kuniuliza. Aache leo hii. Shuleni nako, kipimajoto cha zebaki kikivunjika, msikimbilie fagio, maana linapasua tone moja kuwa mamia. Fungueni madirisha, tokeni, mwiteni mwalimu. Matone hukusanywa kwa karatasi ngumu na kutiwa kwenye chupa yenye kifuniko, hayamwagwi kwenye sinki.

Kikundi chetu kimetengeneza kikaushio cha dagaa cha jua, boksi la mbao na nailoni. Dagaa wameoza. Tatizo nini?

Mmenieleza rangi ya boksi, jina la kikundi, hata kaulimbiu. Tundu la hewa sijaliona popote. Joto bila hewa halikaushi dagaa, linawavundisha. Tobo moja liwe chini, upande unakotoka upepo, jingine juu upande wa pili, hewa ya moto ipande na kutoka na unyevu. Yote mawili yawekeni wavu, nzi wasipite.

Lakini kosa lilianza kabla ya msumari wa kwanza. Nani kati yenu alishuka mwaloni, dagaa wanaposhushwa, kuwauliza akina mama wanakausha ndoo ngapi kwa siku, na mvua ikija ghafla wanafanyaje? Boksi la kilo mbili halimfai mwenye ndoo kumi. Mkishajua hilo, ndipo mchore. Kisha pimeni: dagaa wa uzito sawa, siku ile ile, wengine ndani ya boksi na wengine kwenye chanja ya kawaida, mkiwapima kila saa. Na badilisheni kitu kimoja kwa wakati. Mkipanua tundu na kubadili nailoni siku moja, hamtajua kipi kimesaidia.

Miwani ya jua inatosha maabara?

Haitoshi, pembeni iko wazi. Na kama bomba la maabara halitoi maji, ndoo ya maji safi ijazwe kabla chupa ya asidi haijafunguliwa. Jicho lililorukiwa asidi huoshwa papo hapo, dakika 15 au zaidi, ndipo mkimbilie hospitali. Mkuu wa shule asiyeweza kununua ndoo asinieleze habari za bajeti.

Naomba ripoti ya mfano ya jaribio la pendulamu, ya haraka tafadhali.

Situmi. Uzi, jiwe na simu yenye saa unavyo. Ning'iniza jiwe kwenye uzi, pima muda wa mizunguko 20 ya kwenda na kurudi, gawanya kwa 20. Uzi wa mita 1 utakupa sekunde 2 hivi kwa mzunguko. Ukipata 1, umehesabu kwenda ukasahau kurudi.