Izime taa kwanza

Mara ya kwanza kuicheza Spirit of Eden, albamu ya bendi ya Kiingereza Talk Talk, nilikuwa kwenye daladala, natoka Ujiji kwenda Mwanga, hapa Kigoma. Sikusikia kitu. Zinapita kama dakika mbili kabla mdundo haujakaa, na konda alikuwa anagonga bati. Nikaifuta kwenye simu.

Kosa langu lilikuwa kuitafuta bendi niliyoizoea. Talk Talk ya 1984, ya It's My Life, ni vinanda vya umeme na mdundo wa kuchezeka. Kwenye The Colour of Spring, 1986, vinanda hivyo vimerudi nyuma, piano na gitaa vimeshika usukani. Albamu hiyo iliuza vizuri, wakapata fedha na muda wa studio. Wengi wangerudia kilekile. Wao 1988 wakatoa Spirit of Eden: nyimbo sita tu, tatu za kwanza zimeungana bila kituo, viitikio vya kuimba nao hakuna.

Kwa hiyo, ndugu yangu, usianzie hapo. Leo sikiliza ya 1984, kesho ya 1986, kesho kutwa ndiyo hii. Utasikia vitu vikiondolewa kimoja kimoja, na kinachobaki kinazidi uzito.

Halafu zima taa. Mark Hollis, mwimbaji wa bendi, na mwenzake Tim Friese-Greene, prodyuza, waliirekodi London katika studio iliyotiwa giza. Waalikwa wa fidla, harmonika na besi ya kusimama waliachwa wapige kinachowajia; baadaye kanda zikachambuliwa, vikabakizwa vipande vichache mno. Ukimya ule umechaguliwa kama mwingine anavyochagua noti. Mimi naona ndiyo kazi yao kubwa kuliko zote.

Hili lilinifikia usiku mmoja umeme ulipokatika Katonga. Mwezi haukuwepo, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa ilikuwa imetoka, taa zimetapakaa ziwani. Wavuvi wetu wanajua mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti dagaa. Harmonika ya Mark Feltham ilipoingia, nikaisikia kama zile taa: kali, mbali, giza limeizunguka. Nilikaa pale barazani hadi wimbo wa sita ukaisha.

Tumia hedifoni. Mvua ikipiga bati, ahirisha. Usipandishe sauti kwa sababu mwanzo uko chini, maana wimbo wa tatu, Desire, unalipuka ghafla. Laughing Stock, albamu yao iliyofuata, ya 1991, ni ngumu zaidi; hiyo ipe wiki nzima.