Nyukleolasi ni ya kutengeneza ribosomu tu?

Swali: "Daktari, niko atachimenti kwa labu ya histolojia hapa Nairobi. Tulifunzwa nyukleolasi hutengeneza ribosomu, basi. Sasa naona ripoti za baiopsi zinataja nyukleolasi kubwa kama kitu mbaya. Inahusiana aje? Na seli inaweza kuishi bila hiyo?"

Jibu: Dada, waliokufunza walisema ukweli ila wakaishia njiani. Nyukleolasi, kile kidoti ndani ya kiini cha seli, haina utando, ni protini na RNA zimejikusanya pale jeni za rRNA (RNA ya ribosomu) ziko, na kwa binadamu jeni hizo ziko kwa mikono mifupi ya kromosomu 13, 14, 15, 21 na 22. Hapo unanakiliwa uzi mmoja mrefu wa RNA, unakatwakatwa, unatoa vipande vya rRNA vinaitwa 18S, 5.8S na 28S, halafu protini zinaingia kutoka saitoplazimu zinashikanishwa nazo.

Sasa seli inayogawanyika mbio inataka protini nyingi, protini zinataka ribosomu, mashine za kuzitengeneza, kwa hivyo nyukleolasi inanenepa. Chukua slaidi ya saratani ya tezi dume, weka lenzi ya 40, utaona kidoti cha zambarau ndani ya kiini, kimejitokeza huwezi kukikosa. Lakini usikimbilie kusema saratani bana, hata neuroni (seli ya neva), na haigawanyiki, iko na nyukleolasi kubwa tena nzuri. Kwa tezi dume tunaangalia pia mpangilio wa tezi na kama seli za besi, zile za chini zinazozunguka tezi, zimepotea.

Kuishi bila hiyo? 1964 Brown na Gurdon walichunguza viluwiluwi vya chura Xenopus vilivyozaliwa bila nyukleolasi. Vilitumia ribosomu za mama zilizokuwa kwa yai, vikakua kiasi, zilipokosa kutosha vikafa.

Na kuna kazi ingine, mimi ndio hunifurahisha zaidi: ni askari pia. Ukivuruga utengenezaji wa ribosomu, mfano kwa dozi ndogo ya dawa ya aktinomaisini D, protini za ribosomu RPL5 na RPL11 zinabaki bila kazi, zinaenda kushika protini ingine, MDM2, na MDM2 ndio huharibu p53, protini ya kuzuia saratani, so p53 inapanda na seli inasimama kugawanyika ama inajiua kabisa.

Ukikosa kuiona kwa seli iko kwa mitosisi usishtuke, hupotea ikarudi mwishoni. Na kama labu yenu iko na silva naitreti, omba msimamizi mjaribu AgNOR, rangi ya fedha ya kuonyesha nyukleolasi, vidoti vinatoka vyeusi kabisa.