Kompyuta mpya haiwaki, lakini kitaa cha madabodi kinawaka

Swali: Shikamoo fundi. Nasoma chuo hapa Morogoro na nimejiundia kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza: prosesa Ryzen 5 5600, madabodi (bodi kuu) ya B550 saizi ya micro-ATX, RAM mbili za GB 8, kadi ya picha ya mtumba na pawasaplai (kisanduku cha kulisha umeme) mpya ya wati 550. Nikibonyeza swichi ya mbele hakuna kinachotokea, feni hata hazitikisiki. Ila kuna kitaa kidogo kwenye madabodi kinawaka muda wote. Fundi wa mtaani kwetu anasema pawasaplai imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?

Jibu: Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Hicho kitaa kimeshakufanyia nusu ya kazi.

Pawasaplai za mfumo wa ATX, ulioanza 1995, haziwashwi na swichi ya mbele moja kwa moja. Ukishachomeka waya ukutani na swichi ya nyuma ikawa kwenye I, pawasaplai inaanza papo hapo kutoa volti 5 za akiba kupitia waya wa zambarau, hata kama kompyuta imezimwa. Volti hizo ndizo zinazowasha kitaa chako. Kwa hiyo soketi ina umeme, fyuzi ya plagi ni nzima, waya wa nyuma ni mzima, na plagi kubwa ya pini 24 imeingia, walau kwa kiasi. Inawezekana pawasaplai ina ubovu upande wa volti 12, sikatai. Lakini kusema imekufa wakati inalisha taa ni kuhukumu kesi kabla shahidi hajasimama.

Sasa tuone swichi, maana kwa dalili zako ndiyo ninayoishuku zaidi. Kazi yake ni kugusanisha pini mbili kwa kitambo tu. Madabodi ikihisi mguso huo inaiambia pawasaplai kupitia waya wa kijani iamke, na hapo ndipo zinapokuja volti 12, 5 na 3.3. Kama vile viwaya vyembamba vya mbele ya kasha umevichomeka pini siyo, hata ubonyeze mpaka kesho madabodi haisikii.

Angalia kona ya chini ya madabodi, upande wa kulia. Utakuta safu mbili za pini zilizopangwa tano kwa tano, ila pini moja ya pembeni haipo. Kwenye bodi nyingi za siku hizi, pini mbili za swichi ziko kwenye safu ileile yenye pengo, na ndizo mbili zilizo jirani kabisa na pengo hilo. Pini mbili zinazofuata kwenye safu hiyo ni za taa, na watu wengi wanakosea hapo hapo kwa nafasi moja. Hakikisha na kitabu cha bodi yako kwa sababu zipo zenye mpangilio mwingine. Waya wa swichi hauna chanya wala hasi, ukiugeuza hauharibu kitu. Wenye chanya na hasi ni wa taa.

Chomoa kabisa waya wa swichi. Chukua bisibisi nyembamba, gusanisha zile pini mbili kwa sekunde moja, kisha achia. Huko ni kwenye volti ndogo, hutapigwa shoti, ila usiteleze ukagusa pini nyingine. Feni zikianza kuzunguka, ugonjwa umeupata: ni swichi ya kasha au namna ulivyoichomeka. Hata swichi ya kuanzisha upya, ile ya reset, unaweza kuihamishia hapo ikafanya kazi ya kuwashia mpaka utakapopata nyingine. Bei yake ni sifuri.

Isipowaka hata kwa bisibisi, chomoa umeme ukutani, halafu rudia plagi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya pini 24. Kwenye bodi mpya ni ngumu, wengi wanaogopa kuibana. Shika bodi kwa mkono mmoja kwa chini ili isipinde, bana mpaka usikie ndoano imedaka. Ya pili ni plagi ya prosesa, ya pini 8, juu kushoto karibu na feni ya prosesa. Wengi wanaisahau, na wapo wanaochomeka hapo ile ya kadi ya picha kwa kuwa nayo ina pini 8. Usifanye hivyo hata siku moja: mpangilio wa volti 12 na hasi kwenye plagi hizo mbili umegeuzana. Ya prosesa inagawanyika nne kwa nne, na mara nyingi imeandikwa CPU. Ya kadi inagawanyika sita na mbili. Ikigoma kuingia, usiilazimishe. Na kama pawasaplai yako ni ya nyaya zinazochomoka, tumia zilizokuja nayo kwenye boksi lake tu, hata kama za rafiki yako zinaingia vizuri. Upande wa pawasaplai kila kampuni inapanga pini inavyotaka.

Hapo bado kimya? Tunashuku shoti. Umesema bodi ni micro-ATX, na nadhani kasha lako ni la ATX, kubwa zaidi. Makasha hayo huja na vinguzo vya shaba, vile vinavyoinua bodi isiguse bati, vilivyokwisha kufungwa kwa ajili ya bodi kubwa. Kinguzo kinachobaki mahali ambapo bodi yako haina tundu kinagusa solda za mgongoni, na pawasaplai ikihisi shoti inajikata kujilinda. Dalili yake ya kawaida ni feni kushtuka kidogo kisha kufa, lakini mara nyingine hujikata haraka kiasi kwamba huoni kitu. Na kinyume chake kipo pia: aliyefunga bodi bila vinguzo kabisa, ikalala moja kwa moja kwenye bati.

Usihangaike kuchungulia kwa tochi. Toa bodi nje, iweke juu ya boksi lake la karatasi ngumu, si juu ya ule mfuko wa kung'aa, maana ipo mifuko inayopitisha umeme. Acha prosesa na feni yake, RAM moja kwenye nafasi ya pili kuhesabu kutoka kwa prosesa, na zile plagi mbili. Kadi ya picha, diski, waya za USB za mbele, vyote vikae kando. Gusa pini kwa bisibisi. Ikiwaka nje na ndani ilikuwa haiwaki, fungua vinguzo vyote, hesabu matundu ya bodi, rudisha vinavyolingana. Ikiwaka nje, kisha ikagoma unapochomeka ile kadi ya mtumba, basi kadi ndiyo mgonjwa.

Ikibaki kimya hata juu ya boksi ndipo ipimwe pawasaplai peke yake. Zima swichi ya nyuma, chomoa plagi zake zote kwenye bodi. Kwenye plagi ya pini 24, unganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi wowote kwa klipu ya karatasi, chomeka feni moja ya kasha kwenye pawasaplai, kisha washa nyuma. Feni ikizunguka, pawasaplai inaitikia mwito. Sitaki uhukumu kwa feni ya pawasaplai yenyewe, kwani zipo ambazo feni yake haizunguki mpaka zipate joto. Kama nyaya zote za pawasaplai yako ni nyeusi, usibahatishe tundu. Mpelekee mwenye mita. Na usiifungue pawasaplai, hata iwe imechomolewa: kapasita zake zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300.

Isipoitikia hapo, fundi wa mtaani alikuwa sahihi, ila huna haja ya kununua. Ni mpya, irudishe dukani peke yake pamoja na risiti. Ikiitikia na bodi ikagoma hata juu ya boksi, inayorudi dukani ni bodi.

Jambo moja kabla hujaanza kuogopa upya: Ryzen 5 5600 haiwezi kutoa picha yenyewe bila kadi. Juu ya boksi, bila kadi, utaona feni tu, skrini itabaki nyeusi, na hiyo ni sawa. Ukishafunga kadi, waya wa HDMI uingie kwenye kadi, si kwenye bodi. Feni zikizunguka na picha isije, tazama kama bodi ina taa ndogo zilizoandikwa CPU, DRAM, VGA na BOOT, uone inayobaki inawaka, ndiyo inayoonyesha pa kuangalia: prosesa, RAM, kadi ya picha au diski ya kuanzia. Bodi za B550 zilitoka 2020 na prosesa yako 2022, kwa hiyo bodi iliyokaa muda mrefu dukani inaweza kuhitaji BIOS mpya (programu ya ndani ya bodi inayoamsha kompyuta) kabla haijaitambua prosesa.