Nzito, nene au iliyokoza?

Swali: Naandika maelezo ya fonti ambayo herufi zake zimenenepa, zimetanuka, zimeinamia kulia na hazina vijimkia kwenye ncha. Ni ya mabango na vichwa vya habari. Nimeiita "fonti nene ya maonyesho ya italiki", mhariri akakataa. Kosa liko wapi?

Jibu: Nianze na "nene", maana ndipo penye tatizo kubwa. Mtu akiitwa mnene, huwa amejaa pande zote. Kwa hiyo neno hilo linameza mambo mawili unayotaka kuyatenganisha: unene wa mistari inayounda herufi, na upana wa herufi yenyewe. Herufi inaweza kuwa na mistari minene lakini imebanwa. Nyingine ikawa pana, mistari yake myembamba kama uzi. Mchoraji wa fonti Adrian Frutiger aliyatenga hayo kwa tarakimu katika fonti ya Univers ya mwaka 1957: ya kwanza ni ya uzito, ya pili ni ya upana na mlazo, yaani kuinama kwa herufi. 55 ni ya kawaida, 65 ni nzito, 66 ni nzito ya mlazo. Basi sema "nzito" kwa mistari na "pana" kwa umbo.

"Iliyokoza" siipendi hapa. Kinachokoza ni rangi. Herufi ya kijivu kilichopauka inaweza kuwa nzito kabisa bila kukoza hata kidogo.

Ila uangalie upatanisho. Wengi huandika "maneno nzito", ilhali ni "maneno mazito". Tena hapo maana inahama, kwani maneno mazito ni yale yenye uzito moyoni. Salama zaidi ni "maneno yaliyoandikwa kwa herufi nzito".

Sasa italiki. Jina hilo linatokana na Italia: mchapishaji Aldus Manutius alichapa kitabu kizima kwa herufi hizo mjini Venice mwaka 1501, naye Francesco Griffo ndiye aliyezichonga kwa kufuata mwandiko wa mkono. Italiki halisi huchorwa upya. Itazame "a": kile kikofia chake cha juu hutoweka, ikabaki duara na mguu. "f" nayo mara nyingi huteremsha mkia chini ya mstari. Fonti nyingi zisizo na vijimkia hazifanyi hivyo. Herufi ni ileile, imewekwa mshazari tu. Itazame "a" ya fonti yako. Kama haikubadilika, "mlazo" ndilo neno lake. Hata ikiwa imebadilika, "mlazo" bado halitakuangusha.

"Maonyesho" liondoe kabisa. Msomaji atafikiria mabanda na viingilio.

Mimi ningeandika: "fonti nzito, pana, ya mlazo, isiyo na vijimkia, ya mabango na vichwa vya habari". Wala usiandike "mpana": fonti iko katika ngeli ya I-ZI, kama barabara, nayo barabara ni pana.